Beetle haivuti mlimani? Acha kwanza kuzungusha distributa kwa sikio

Kuna tabia moja ya mafundi wetu imenishinda kuizoea. Unapeleka gari ya zamani, unasema haina nguvu, hajakuuliza inakosa nguvu wapi, mlimani au kwenye tambarare, ikiwa baridi au ikishapata moto, tayari ameshalegeza nati ya distributa, kile kifaa kinachogawa cheche kwa plagi. Anaishika kwa mkono mmoja, anaizungusha kidogo huku kidogo kule, sikio limeelekezwa kwenye injini, mlio ukipanda anatabasamu, anakaza nati, "ssebo, sasa imekubali". Na kweli pale gereji imekubali. Shida ni kwamba mimi siendeshi gari gereji, mimi naendesha Jinja kwenda Kampala, na pale msitu wa Mabira ukishapita Najjembe, mbele yako kuna lori la miwa na nyuma yako kuna basi linakupigia honi, ndipo unajua kama imekubali au la.

Yangu ni Volkswagen Beetle ya 1971, ilizaliwa na injini ya 1300 lakini iliyomo sasa ni 1600 ya twini poti, kabureta 34 PICT-3, na distributa ya Bosch yenye weiti (vyuma vidogo vya uzito) ndani na kopo moja la vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) ubavuni. Nataja hivyo vyote kwa sababu kwenye Beetle "distributa" si kitu kimoja na watu wengi wanakosana hapo hapo mwanzo. Nitarudi kwa hilo.

Dalili zilikuwa hizi. Asubuhi inawaka vizuri, inanguruma taratibu, majirani hapa Walukuba wanaisifu. Ikishapata moto ukaizima halafu ukataka kuiwasha, stata inakwama kama sekunde, inarudishwa nyuma na injini, ndo inawaka. Barabarani inakwenda, ila gia ya nne ukikanyaga haiji, unakanyaga zaidi unapata sauti zaidi lakini mwendo ni ule ule. Petroli inakula kuliko zamani. Ukisimama ukafungua boneti ya nyuma joto linalokupiga usoni si la kawaida, na Beetle haina geji ya joto ya kukuambia, inapozwa kwa hewa na oili basi.

Ukichukua dalili hizo ukampa mtu anayejua taimingi, yaani wakati wa cheche kutoka, atakuchanganya, kwa sababu zinapingana. Stata kurudishwa nyuma ikiwa moto ni dalili ya cheche kuja mapema mno. Kukosa nguvu, joto na kula petroli ni dalili ya cheche kuchelewa. Sasa ni mapema au imechelewa? Jibu ni kwamba zote mbili zinaweza kuwa kweli kwenye gari moja siku moja, na sikio haliwezi kukuambia hivyo hata kama ni sikio la fundi wa miaka arobaini.

Ngoja nieleze ninavyoelewa mimi. Petroli na hewa ndani ya silinda haviungui papo hapo, moto unaanzia kwenye plagi unatembea kwenda pembeni, na hiyo safari ina muda wake, tuseme milisekunde mbili hivi. Wewe unataka msukumo mkubwa umkute pistoni ameshapita juu kidogo, kwenye digrii kumi na kitu baada ya juu kabisa, ndo anasukumwa vizuri kwenda chini. Kwa hiyo cheche lazima itangulie. Injini ikinguruma pale chini kwenye mizunguko 850 kwa dakika, krenki (shafti kuu ya injini) inazunguka kama digrii 5 kwa kila milisekunde, kwa hiyo kutangulia digrii 7.5 kabla ya juu kunatosha. Ukifika mizunguko 3500 krenki inapita digrii 21 kwa milisekunde ile ile moja. Cheche ikibaki pale pale 7.5, pistoni ataondoka moto haujakua, msukumo unamkuta yuko njiani anashuka, na moto wenyewe unamalizikia kwenye eksozi. Hapo ndipo joto linatoka, hedi zinachemka na valvu ya eksozi inaanza kuungua. Watu wengi wanadhani cheche ya mapema tu ndiyo inaua injini. Ya kuchelewa nayo inaua, ila polepole na bila kelele.

Ndiyo maana ndani ya distributa kuna weiti mbili zimefungwa kwa springi. Mwendo ukiongezeka weiti zinatanuka, zinasukuma kamu mbele, pointi (zinazokata umeme ili cheche itoke) zinafunguka mapema zaidi, hiyo ndiyo advansi. Na haiongezeki milele, kwa sababu injini ikienda kasi mchanganyiko nao unavurugika zaidi mle ndani na moto unatembea haraka zaidi, kwa hiyo Beetle inaishia kwenye digrii 28 mpaka 32 jumla, ikishafika mizunguko elfu tatu na kitu inasimama hapo. Kopo la vakyumu ni kazi nyingine kabisa. Hilo linaangalia mzigo. Ukiwa unateleza tambarare umekanyaga kidogo, silinda inajazwa hewa nyembamba, hewa nyembamba inaungua taratibu, kwa hiyo kopo linavuta pleti ya pointi na kuongeza digrii kadhaa juu ya zile za weiti, unaweza kufika arobaini na hakuna kinachoharibika. Ukikanyaga mpaka chini vakyumu inakufa, digrii zile zinaondoka zenyewe, unabaki na za weiti tu. Wajerumani walifikiria, bwana.

Sasa rudi kwa fundi na sikio lake. Injini ikiwa haina mzigo, gari imesimama, ukiisogezea cheche mbele mizunguko inapanda, karibu kila mara. Sikio linasikia imechangamka. Kwa hiyo anayetega kwa sikio atavuka tu, hana kitu cha kumzuia, kwa sababu kinachozuia ni kugonga, yaani mchanganyiko kulipuka wenyewe ndani ya silinda, na injini haigongi ikiwa haina mzigo. Kwenye gari inayopozwa kwa maji angalau ukipanda mlima utasikia ule mlio wa kokoto ndani ya kopo ukajua umezidisha. Kwenye Beetle feni inapiga kelele, eksozi inapiga kelele, na injini iko nyuma ya kiti cha nyuma. Inaweza kugonga kutoka Njeru mpaka Mukono usisikie hata mara moja. Utakuja kuona kwenye plagi, vidoto vidogo vya aluminiamu vinang'aa kwenye ile kauri nyeupe, na hiyo aluminiamu ni ya pistoni.

Halafu jambo lingine ambalo ndilo kubwa, sikio linasikiliza sehemu moja tu ya kazi ya distributa. Kule chini. Digrii za barabarani hazipo kule chini.

Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichofanya ni kutogusa nati. Nilivua kifuniko cha distributa, nikaishika rota (kile kipande kinachozunguka ndani) kwa vidole nikaizungusha upande inaokwenda, yaani mwelekeo wa saa, halafu nikaachia. Inatakiwa iende digrii kadhaa kwa ulaini na irudi yenyewe kwa nguvu ya springi, tap! Yangu ilisogea kidogo sana, ikabaki hapo hapo. Nikairudisha kwa mkono. Jaribio hilo halihitaji kifaa chochote wala hela, mtu anaweza kulifanya akiwa kwenye parking anasubiri rolex yake iive, na sijawahi kuona gereji wakilifanya.

La pili ni kopo la vakyumu. Chomoa mpira kwenye kabureta, uvute hewa kwa mdomo huku unaangalia pleti ya pointi. Pleti isogee, kisha ziba kwa ulimi, ibaki imesogea. Ikirudi taratibu, ngozi ya ndani imetoboka. Yangu haikusogea kabisa, nilikuwa navuta hewa tu ya bure, na hiyo hewa ya bure maana yake injini nayo ilikuwa inaivuta kupitia tundu hilo hilo na kuufanya mchanganyiko uwe mwepesi. Joto juu ya joto.

Sasa taa ya taimingi. Hii taa ina waya wa kubana kwenye waya wa plagi namba 1, kila cheche ikipita inamulika, puli ya krenki inaonekana kama imesimama na unaiona alama iko wapi. Fanya jioni au ndani ya kivuli, jua letu la mchana linaifuta kabisa. Puli yangu ina alama ya juu na ya 7.5 tu, haina ya 30, kwa hiyo nikaichora. Unachukua futi ya fundi cherehani, unazungusha kwenye ukingo wa puli, unapata mzingo, unagawa kwa 360 unazidisha kwa 30. Mfano ukipata milimita 540, digrii moja ni milimita 1.5, digrii 30 ni milimita 45. Ukiwa umesimama nyuma ya gari, puli inazunguka mwelekeo wa saa, kwa hiyo alama ya juu ikiwa imekaa kwenye mstari wa katikati ya krenki kesi (ganda la injini), alama yako ya 30 inakuwa upande wa kulia, kwa sababu yenyewe inatakiwa ipite kwenye mstari kabla ya ile ya juu. Ukiichora kushoto umechora digrii 30 baada ya juu na utakesha. Paka rangi nyeupe, ile ya kufutia makosa kwenye karatasi inatosha.

Mpira wa vakyumu nikauchomoa nikauziba na skrubu. Injini imepata moto. Chini, kwenye mizunguko 850, ikasoma digrii 18 kabla ya juu. Nikapandisha taratibu mpaka 3500, ikasoma 22.

Hebu ziangalie hizo namba. Kutoka chini mpaka juu distributa imeongeza digrii 4, wakati ilitakiwa iongeze kama 22. Weiti zimeganda. Na mtu fulani kabla yangu, badala ya kuuliza kwa nini gari haivuti, alizungusha distributa nzima mbele mpaka ikavuta vuta. Ndiyo ile 18 ya chini, ndiyo stata inarudishwa nyuma, mapema mno chini na imechelewa juu, zote mbili. Simlaumu sana, kwa sikio ilikuwa nzuri hata kwangu.

Hapa sasa ndipo nataka usome polepole kama una gari ya namna hii. Kama ningefungua distributa nikasafisha weiti zikalainika, nikairudisha pale pale ilipokuwa, ingekuwa 18 chini na 40 juu, mguu ukiwa chini, gia ya nne, mlima wa Mabira. Hiyo ni kutoboa pistoni, tena huku gari ikionekana imepona maana mwanzoni ingevuta kweli kweli. Ubovu wa kwanza ulikuwa umefichwa na ubovu wa pili, ukitengeneza mmoja lazima uondoe na mwingine siku hiyo hiyo.

Kutoa distributa ya Beetle ni kazi ndogo. Unaweka silinda 1 juu, rota inaelekea kwenye ile alama ndogo iliyokatwa kwenye ukingo wa distributa, unafungua nati 13 inayoshika klempu kwenye injini, unaivuta juu. Meno yake ya chini hayajakaa katikati, yamesogezwa upande makusudi, kwa hiyo huwezi kuirudisha kinyume hata ukitaka. Angalia tu ile springi ndogo inayokaa ndani ya shafti ya chini isikupotee, watu wanaipoteza halafu alama ya taimingi inaanza kucheza wanailaumu distributa.

Nilimpelekea mzee mmoja hapa Walukuba ambaye ana mikono mizuri kuliko yangu kwa vitu vidogo. Akafungua pleti, chini yake grisi ya zamani imechanganyika na vumbi jekundu la murram, imekuwa ngumu, weiti zimekaa mle zimelala. "Mwanangu, hii haijafunguliwa toka wakati wa Amin," akasema. Tukaosha na mafuta ya taa, tukapuliza, vipini vya weiti vikapigwa msasa laini kidogo tu kuondoa kutu, tone la oili nyepesi kila kipini. Kuna na kile kipande cha fulana nene juu ya shafti chini ya rota, hicho kinataka matone mawili ya oili kila unapofanya sevisi na karibu hakuna anayekumbuka, ndicho kinalainisha kamu isigande kwenye shafti.

Halafu mzee akashika springi moja. "Hii imelegea, tuikate duara moja ikaze."

"Mzee wangu, iache hivyo hivyo."

"Lakini inacheza."

Ndiyo, inacheza, na ndivyo ilivyotengenezwa. Distributa nyingi zina springi mbili zisizofanana, moja nyembamba inafanya kazi toka mwanzo, nyingine nene imeachiwa nafasi ili ianze kushika baadaye. Kwa hiyo advansi inapanda haraka mwanzoni halafu inapunguza mwendo. Ukikaza ile nene, advansi inachelewa kuja na inaweza isifike juu. Ukifanya kinyume, ukaweka springi laini ya kuokota popote ilimradi inaingia, advansi yote inakuwa imeshafika kwenye mizunguko 1500, na 1500 kwenye gia ya tatu na abiria wanne ndipo injini inapogonga kuliko mahali popote. Mzee akaniangalia, akairudisha springi, akasema haya ni gari yako.

Kabla ya kugusa taimingi, pointi kwanza. Hii nayo watu wanaifanya kichwa chini miguu juu, wanatega taimingi halafu wanarudi kurekebisha pointi. Nafasi ya pointi ikiongezeka zinafunguka mapema, cheche inasogea mbele, ikipungua cheche inachelewa. Kwa hiyo ukigusa pointi umeshabadilisha taimingi utake usitake. Milimita 0.4, funga, halafu ndo taa.

Na taimingi nikaitega kwa juu, yaani injini ikiwa kwenye mizunguko mingi. Mpira wa vakyumu umechomolewa umezibwa, mtu mmoja anashika akselereta mpaka alama isiendelee kusogea, kwangu ni kwenye 3300 hivi, nikazungusha distributa mpaka 30 ikakaa kwenye mstari, nikakaza. Kurudisha nyuma unaizungusha upande ule ule inaokwenda rota, kusogeza mbele unaizungusha kinyume chake, na kidogo sana tafadhali, digrii moja ya distributa ni digrii mbili za krenki maana distributa inazunguka nusu ya mwendo. (Hilo linawachanganya watu hata kwenye vitabu, jedwali linasema advansi 11, msomaji anapima 22 kwenye puli anadhani gari imeharibika, kumbe jedwali linahesabu digrii za distributa.) Halafu ndo nikaachia injini ishuke nikasoma chini. 8. Karibu kabisa na ile 7.5 ya kiwandani, maana yake weiti sasa zinafanya kazi yote. Ingesoma 15 au 1 ningejua mkunjo wa advansi, yaani jinsi inavyopanda na mizunguko, bado una shida hata kama juu ni 30 safi.

Mimi nasema hivi, kama una dakika za kupima namba moja tu, pima ya juu. Ya chini ikikosea digrii tatu utakuwa na gari inayonguruma vibaya kwenye foleni ya Jinja Road. Ya juu ikikosea digrii kumi utakuwa na gari inayofunguliwa injini.

Kopo la vakyumu nilipata la distributa nyingine iliyokufa, pale soko la Kisekka, nikalivuta kwa mdomo mbele ya muuzaji, la kwanza halikushika, la pili likashika. Muuzaji alicheka. Pale pale wakanishawishi niachane na hayo yote nichukue distributa mpya ya 009, "ya sports hii, haina mambo ya mipira". Hii 009 imejaa kila mahali na ina wapenzi wake, mimi simo. Ina weiti tu, haina vakyumu, kwa hiyo kwenye kabureta ya 34 PICT-3 ukikanyaga ghafla kutoka chini inazubaa kwanza ndo iondoke, na watu wanaanza kubadilisha jeti za kabureta kutafuta shida ambayo haimo kwenye kabureta. Ikifungwa itegwe kwa juu tu, 28 mpaka 32, ya chini iache iangukie inapoangukia. Nyingi za kuiga zinazouzwa siku hizi kila moja na mkunjo wake, kwa hiyo ukinunua pima kabla hujaiamini.

Na kuna aina ya tatu, ndiyo nilisema nitairudia. Beetle nyingi za miaka ya 60 zilikuwa na distributa ya vakyumu peke yake, haina weiti hata moja ndani. Ukiizungusha rota hairudi kwa sababu hakuna cha kuirudisha, usije ukaipeleka kwa mzee aioshe weiti ambazo hazipo. Hiyo inategemea kabureta yake ya zamani iipe vakyumu inayoendana na mwendo, ukiifungia kabureta ya baadaye advansi haiji vizuri. Halafu kuna yenye mipira miwili kwenye kopo, mmoja unasogeza mbele na mwingine unarudisha nyuma, baadhi ya hizo kiwanda kilisema digrii 5 baada ya juu mipira ikiwa imechomekwa mahali pake. Baada, si kabla. Soma distributa yako namba zake ubavuni kabla hujatumia namba za gari ya mtu mwingine, pamoja na hizi zangu.

Mtu ataniuliza kuhusu mwinuko maana hapa tuko juu. Jinja na Kampala ziko kama mita 1,100 mpaka 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyembamba kuliko Mombasa kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, silinda inajaa kidogo, kwa hiyo hapa injini inavumilia advansi zaidi kidogo kabla ya kugonga na nguvu nayo ni pungufu, hiyo hata utege vipi. Ukienda Kabale au ukipanda Kapchorwa ndo zaidi. Kuna wanaoongeza digrii mbili tatu kwa sababu hiyo na huwa inasaidia. Lakini barabara yetu inashuka. Ukitega ya Kabale halafu krismasi ukaamua kwenda pwani, unapita Nakuru, unashuka Nairobi, unashuka Voi, kila unaposhuka hewa inakuwa nzito, joto linaongezeka, na ile digrii ya ziada inakuwa yako na pistoni zako. Beetle zilishinda Safari Rally, miaka ya 1950 na tena 1962, na hizo zilipita huku huku Uganda, Kenya na Tanganyika, kwa hiyo gari haina tatizo na safari ndefu, tatizo ni mwenye gari kuitega kwa kilima kimoja.

Matokeo: stata hairudishwi tena ikiwa moto. Gia ya nne inavuta Mabira, si kwa maajabu, ni Beetle, lakini ukikanyaga kitu kinatokea. Joto limepungua, nagusa kifuniko cha boneti naacha mkono. Petroli sitasema namba, nasubiri nione matangi kadhaa.

Kimebaki kitu kimoja. Kwenye taa alama haikai tuli, inatikisika digrii mbili hivi, na mzee ndiye alikuwa ameshaihisi kabla ya taa, alishika shafti akaisukuma pembeni akasema busi hizi (zile pete zinazoshika shafti) zimeliwa. Nilipohamisha taa kwenda waya wa silinda 3 nikaona imechelewa kama digrii 4 kuliko ya 1, hiyo peke yake isikushtue, distributa nyingi za kiwandani zilichongwa kamu hivyo makusudi kwa sababu silinda 3 iko nyuma ya kipoza oili, inapata hewa ya moto, wakaipunguzia. Lakini kutikisika si kwa kiwandani. Kuna mtu wa lethi Katwe ananichongea busi mbili za shaba, nilimpelekea distributa nyingine kama kipimo ili yangu ibaki kwenye gari. Mpaka ziwe tayari nimeishusha kutoka 30 nikaiacha 28, ili ikitikisika kwenda mbele iishie 30.